Jina halimo kwenye orodha: jinsi kichujio cha jedwali kinavyoficha mkulima

Msimu wa korosho unapofika na minada ikaanza, simu tunazopokea studio kutoka Masasi na Newala hufanana: "Nimepeleka mzigo AMCOS, jirani amelipwa, mimi jina langu halimo." Sababu zinaweza kuwa nyingi. Katika makala hii tunaeleza moja ambayo haizungumzwi sana, nayo ni namna orodha inavyochujwa kwenye kompyuta.

Jedwali lina mistari inayolala, kila mkulima na mstari wake, na safu zinazosimama: namba ya mwanachama, jina, AMCOS, halmashauri, kilo, daraja, fedha. Kuchuja ni kuiamuru programu kama Excel au Google Sheets ionyeshe mistari ile tu ambayo safu fulani ina thamani tunayoitaka. Mistari mingine haifutwi, inafichwa. Anayekabidhiwa karatasi iliyochapishwa hana njia ya kujua kilichofichwa.

Wakulima wa huku wanakijua kichujio hata kama hawajawahi kugusa kompyuta. Novemba 2018, baada ya mvutano wa bei mnadani, Serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kabla ya malipo ukaja uhakiki, na waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walitakiwa kuhakikiwa mpaka shambani. Hicho ni kichujio: safu moja ya kilo, sharti moja. Ndugu watatu waliopima mzigo wao kwa jina la mmoja wao wangeweza kuvuka mstari huo, ingawa kila mmoja peke yake asingefika.

Sharti la namba kama hilo ni rahisi. Shida kubwa iko kwenye maneno, kwa sababu kompyuta hailinganishi maana, inalinganisha herufi. Chukua safu ya halmashauri. Masasi kuna Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, na Newala vivyo hivyo. Ukichuja mistari iliyo sawasawa na "Newala", ile iliyoandikwa "Newala Mji" haitokei. Ukilegeza sharti kuwa "yenye neno Newala", unapata mji na wilaya kwa pamoja, na jumla uliyoitaka ya mji inavimba. Ukitafuta neno "Masasi" kwenye safu ya chama kikuu ndiyo balaa zaidi, maana MAMCU ni ya Masasi na Mtwara, kwa hiyo utakuja na watu ambao hawajawahi kuuza korosho Masasi. Newala wao wako TANECU pamoja na Tandahimba.

Majina ya watu ndiyo yanayoumiza. Daftari la AMCOS limeandika Fatuma Hamisi, orodha ya benki imeandika Fatma Hamis. Kwetu sisi ni mama yule yule. Kwa kompyuta ni watu wawili, na atakayechuja majina yanayolingana pande zote mbili atamwacha nje. Hata nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa jina, ambayo jicho haliioni, inatosha kuharibu ulinganisho. Fomula ya TRIM huiondoa. Tahajia haina fomula ya kuaminika. Ndiyo maana tunasema linganisheni kwa namba ya mwanachama, lakini safu hiyo ipangwe kuwa maandishi kwanza, la sivyo 0047 itageuka 47 na kazi inaanza upya.

Kulinganisha safu mbili za jedwali moja kuna manufaa yake pia. Tuseme safu D ni kilo zilizotoka AMCOS na safu E ni kilo zilizopokelewa ghala kuu, mstari mmoja kwa kila shehena. Andika =D2=E2 kwenye safu tupu, shusha fomula hadi chini, kisha chuja FALSE. Zitabaki shehena zisizolingana tu. Msikimbilie kumwita mtu mwizi: korosho inakauka, na unyaufu upo. Angalieni tofauti ni kilo ngapi kwa kila shehena.

Nasi tumewahi kuteleza. Tulichuja wilaya moja, tukajumlisha kwa SUM, tukasoma hewani jumla ambayo kumbe ilikuwa ya mistari yote, iliyofichwa na isiyofichwa. SUM haijali kichujio. Ilibidi tutumie SUBTOTAL, ambayo huiacha mistari iliyochujwa. Tulisahihisha kwenye taarifa iliyofuata.

Ukienda AMCOS kuuliza, nenda na stakabadhi yako na uombe karani aondoe vichujio vyote kwanza, ndipo atafute namba yako. Jina lisipokuwepo hata hapo, basi tatizo liko kwenye uingizaji wa taarifa, na hilo linamhusu katibu wa chama.