Uprogramu wa kimantiki na uchakataji wa lugha

Uprogramu wa kimantiki ni namna ya kuandika programu za kompyuta kwa kauli za mantiki badala ya mfululizo wa amri. Mwandishi haiambii mashine ianze na lipi na imalizie na lipi. Huitajia mambo yanayojulikana, huipa kanuni za kutoa hitimisho kutokana na mambo hayo, kisha huiuliza swali, na njia ya kulifikia jibu huitafuta mashine yenyewe. Lugha inayojulikana zaidi ya aina hii ni Prolog. Historia yake imefungamana na uchakataji wa lugha asilia, yaani kuiwezesha kompyuta kusoma, kuchambua na kutunga lugha za binadamu, kwa sababu waliounda Prolog walikuwa wakitafuta chombo cha kuelewa sentensi za Kifaransa.

Programu ya kimantiki hujengwa kwa kauli za msingi na kanuni. Mfano mdogo wa kauli za msingi unapatikana Nyamisati, kijiji cha delta ya Rufiji kinachotumiwa na abiria wa boti za Mafia:

ipo(nyamisati, salale).
ipo(salale, kibiti).
ipo(kibiti, pwani).

Yaani Nyamisati ipo katika kata ya Salale, Salale ipo katika wilaya ya Kibiti, na Kibiti ipo katika mkoa wa Pwani. Kisha huongezwa kanuni mbili:

ndani(X, Y) :- ipo(X, Y).
ndani(X, Z) :- ipo(X, Y), ndani(Y, Z).

Alama ya :- husomwa “ikiwa”, na mkato husomwa “na”. Maneno yanayoanza kwa herufi kubwa ni vibadilika, nafasi tupu zinazosubiri kujazwa. Mashine ikiulizwa ndani(nyamisati, Wapi), hujibu salale, halafu kibiti, halafu pwani, ingawa hakuna mahali palipoandikwa kwamba Nyamisati ipo Pwani. Ikiulizwa kwa kugeuza, ndani(Gani, kibiti), programu ileile bila kuguswa hutaja salale na nyamisati. Tendo la kujaza vibadilika mpaka pande mbili zilingane huitwa uoanishaji. Njia moja ikigonga ukuta, mashine hurudi nyuma hadi palipokuwa na uchaguzi mwingine na kujaribu upya.

Faida ya mpangilio huu huonekana mambo yanapobadilika. Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010, na maandishi mengi ya kabla ya hapo huitaja Salale kuwa sehemu ya Rufiji. Katika programu ya kimantiki hurekebishwa kauli zinazohusika tu, na kila hitimisho linalozitegemea hubadilika papo hapo. Maarifa yamewekwa wazi, kila moja mahali pake, na mtu asiyejua kompyuta anaweza kuyasoma na kuyasahihisha.

Upo pia mtego. Prolog huchukulia kwamba kisichoweza kuthibitishwa si kweli. Maparoni ni kata ya Kibiti, lakini kwa kuwa haimo katika kauli zilizo hapo juu, mashine itakana kwamba ipo Kibiti. Keith Clark alitoa maelezo ya kimantiki ya ukanushaji wa namna hii mwaka 1978, na unafaa pale orodha inapokuwa kamili. Kwa eneo lenye visiwa na vitongoji ambavyo havikuorodheshwa vyote, jibu la “hapana” lisomwe kama “haijaandikwa”.

Msingi wa nadharia uliwekwa na J. Alan Robinson, aliyechapisha mwaka 1965 mbinu ya kuthibitisha hoja kwa mashine kwa kutumia uoanishaji. Robert Kowalski, akiwa Edinburgh, alionyesha kwamba kauli za mantiki za umbo fulani rahisi zinaweza kusomwa kama hatua za kutekelezwa. Alain Colmerauer na Philippe Roussel waliunda Prolog mjini Marseille mwaka 1972. Kabla ya hapo Colmerauer alifanya kazi Montreal, ambako mbinu zake za kanuni zilitumika baadaye kutafsiri taarifa za hali ya hewa kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa, kazi iliyodumu miaka mingi. Mwaka 1980 Fernando Pereira na David Warren walieleza namna ya kuandika sarufi moja kwa moja katika Prolog. Mfumo wao wa CHAT-80 ulipokea maswali ya jiografia kwa Kiingereza cha kawaida, ukayageuza kuwa maswali ya mantiki na kuyajibu. Swali kama “Nyamisati iko wilaya gani?” lingepita njia hiyohiyo.

Kiswahili huonyesha nguvu ya mbinu hii vizuri kuliko Kiingereza, kwa sababu upatanisho wa ngeli hutawala sentensi nzima. Sheria ya msingi inaweza kuandikwa kwa mstari mmoja:

sentensi --> nomino(Ngeli, Idadi), kitenzi(Ngeli, Idadi).

Kibadilika Ngeli kimetajwa mara mbili, kwa hiyo lazima kijazwe kwa thamani ileile pande zote mbili. “Mikoko imekatwa” hupita, “mikoko kimekatwa” hukataliwa, bila kuandika sheria ya pili ya kukataza.

Neno kamba ndilo kipimo kizuri cha kanuni hiyo. Wavuvi wa delta huvua kamba, na huhitaji kamba za kufungia mitumbwi. Katika msamiati wa mashine neno hili lina maingizo mawili, moja la ngeli ya A-WA na jingine la ngeli ya I-ZI. Sentensi “Kamba wamevuliwa Msala”, Msala ikiwa kata nyingine ya delta, huacha ingizo la kwanza peke yake, kwa kuwa wa- ya kitenzi haioani na ngeli ya I-ZI. “Kamba zimekatika” huacha la pili. Lakini “Wavuvi wameleta kamba” hutoa uchambuzi mara mbili, na mashine haina haki ya kuchagua, maana sarufi yenyewe haijachagua. Likiongezwa neno moja tu, “kamba wabichi”, utata huisha. Programu ya kimantiki huonyesha waziwazi mahali utata ulipo na neno lililouondoa, jambo ambalo mwalimu wa sarufi hulihitaji kuliko jibu lenyewe.

Ndani ya kitenzi kazi ni nzito zaidi. “Hatukuwavulia” hugawanyika kuwa ha-tu-ku-wa-vu-li-a: kikanushi, nafsi, njeo, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Kila kipande huzuia vingine. Ha- ya ukanushi ikitangulia, wakati uliopita hauwezi kuwa -li-, sharti uwe -ku-. Mashine inapokutana na “hatuli” inaweza kujaribu kwanza kuisoma -li- kama njeo, ikajikuta haina mzizi uliobaki na sheria pia inaikataza. Hurudi nyuma, hulichukua -l- kama mzizi wa kula na -i kama kiishio cha ukanushi wa wakati uliopo, na neno hukubalika.

Sarufi ya Kiswahili ina tatizo lake katika Prolog. Kirai kama “kamba wa wavuvi wa Msala” huelezwa kwa urahisi kwa kusema kwamba kirai nomino ni kirai nomino kikifuatwa na -a unganifu na nomino nyingine. Kanuni inayoanza kwa kujiita yenyewe huipeleka mashine katika mzunguko usio na mwisho kabla haijasoma neno hata moja. Dawa ni kuiandika upya ianze na nomino halisi, au kutumia aina ya Prolog inayotunza majibu ya awali kwenye jedwali ili isirudie swali lilelile.

Mfumo mkubwa wa kanuni uliojengwa kwa Kiswahili haukuandikwa kwa Prolog, lakini ni wa ukoo mmoja nayo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kazi iliyokuja kuitwa SALAMA. Uchambuzi wake wa maneno ulitumia mofolojia ya ngazi mbili, iliyobuniwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, na uondoaji wa utata ulitumia sarufi ya vizuizi iliyopendekezwa na Fred Karlsson mwaka 1990. Katika sarufi ya vizuizi, neno hupewa kwanza maana zote zinazowezekana, kisha kanuni hufuta zile ambazo mazingira yanazikataa, kama ilivyokuwa kwa kamba. Nairobi nako, Wanjiku Ng'ang'a aliandika sarufi ya Kiswahili katika mfumo wa Aarne Ranta unaotegemea nadharia ya aina, tawi jingine la mantiki.

Mwelekeo wa dunia ulibadilika katika miaka ya 1990. Mradi mkubwa wa Japani wa kompyuta za kizazi cha tano, uliozinduliwa mwaka 1982 ukitegemea uprogramu wa kimantiki, haukufikia matarajio yake, na takwimu zikachukua nafasi ya mbele. Kanuni zilizoandikwa kwa mkono huvunjika zinapokutana na tahajia za simu, lugha ya mitaani au neno jipya, na sentensi ndefu huzaa uchambuzi mwingi mno usiopangwa kwa uwezekano. Hata hivyo mgawanyo kati ya kambi mbili hizo hutiwa chumvi. Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Wagacha walipofunza mashine mwaka 2006 kutambua aina za maneno ya Kiswahili kwa takwimu, walitumia kongoo ya Helsinki, yaani mkusanyiko wa matini, ambayo maneno yake yalikuwa yamebainishwa na kanuni za SALAMA. Prolog yenyewe ilitumika ndani ya Watson, kompyuta ya IBM iliyoshinda shindano la maswali la Jeopardy! nchini Marekani mwaka 2011, kwa kazi ya kuchambua maswali. ProbLog, aina ya Prolog iliyochapishwa mwaka 2007, huambatanisha uwezekano na kauli za msingi ili mashine iweze kupima majibu yanayoshindana.

Mahali ambapo kanuni bado hazina mpinzani ni katika lugha zisizo na maandishi mengi. Kindengereko, kinachozungumzwa Kibiti na Rufiji, ni lugha ya Kibantu ambayo wazungumzaji wake wamekuwa wakihamia Kiswahili. Mbinu za takwimu hudai mamilioni ya maneno, na kwa Kindengereko hayapo. Sarufi inayokielezea ipo: Eva-Marie Ström aliiandika kama tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Gothenburg, mwaka 2013. Maelezo ya ngeli, njeo na viambishi yaliyomo katika kazi ya aina hiyo ndiyo hasa malighafi ya programu ya kimantiki. Kiunzi cha upatanisho kilichotumika kwa kamba na mikoko kinaweza kubaki, viambishi na msamiati vikabadilishwa, na sauti zinazobadilika mipakani mwa mofimu zikaandikiwa kanuni zake. Zana zenyewe si ghali: SWI-Prolog, iliyoanzishwa na Jan Wielemaker mjini Amsterdam mwaka 1987, hutolewa bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida bila intaneti. Kinachobaki ni wasemaji wa Kindengereko kukaa na mwanaisimu, kuitazama kila sentensi ambayo mashine imeikubali au kuikataa, na kusema kama ndivyo inavyosemwa.