Kioo Kilichopandishwa na Mafuta

Mwaka 1940, tajiri wa Marekani aliyenunua gari la Packard 180 aliweza kubonyeza swichi na kioo cha dirisha kikapanda, ilhali mlangoni hamkuwa na mota. Kilichokinyanyua ni mafuta. General Motors nao, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliuza magari yenye pampu moja ya umeme iliyosukuma mafuta ya aina ya breki kupitia mipira hadi kwenye silinda za milangoni. Presha ilipandisha kioo, springi ikakiteremsha. Kwa magari ya paa la turubai, pampu hiyohiyo ilinyanyua na paa.

Raha hiyo iliisha mpira ulipopasuka. Mafuta ya breki hula rangi ya gari, na hapa yalipitishwa milangoni, jirani kabisa na viti vya kifahari!

Chrysler Imperial ya 1951 ikaleta vioo vya umeme mtupu. Mafuta yakaondoka, kila mlango ukapata mota yake.

Mota yenyewe ni ndogo na haina makuu: swichi ikibadilisha chanya na hasi, inazunguka kinyume. Ujanja uko kwenye gia. Mhimili wa mota una hesi kama za parafujo, nazo huzungusha gurudumu la meno polepole lakini kwa nguvu nyingi. Mota huweza kulizungusha gurudumu. Gurudumu haliwezi kirahisi kuuzungusha mhimili. Ndiyo maana mwizi akikandamiza kioo kwa viganja, hakishuki.

Lakini kugawa mota kila mlango kulizaa swali linaloulizwa kila siku kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam: hii itaingia? Mota ya kushoto mara nyingi ni sura ya ile ya kulia kwenye kioo cha kujitazamia, matundu ya boliti yamekaa upande mwingine. Nyingine huzungusha mikono inayofunguka mithili ya mkasi, nyingine huvuta kebo. Meno ya gia hutofautiana, na hata soketi ya waya. Hata hivyo, kampuni moja inaweza kutumia mota ileile katika modeli kadhaa, kwa hiyo namba ya kipuri humsaidia fundi kuliko jina la gari.

Siku hizi kuna ugumu mwingine. Kioo kinachopanda chenyewe kwa mguso mmoja mara nyingi huhitaji mota yenye sensa inayohesabu mizunguko, ili kikibana mkono kirudi chini. Katika magari mengi yaliyotumika Japani, sensa hiyo iko kwenye mlango wa dereva tu. Mota ya kawaida inaweza kukaa pale sawasawa, boliti zikakaza, na mguso mmoja usifanye kazi. Hata ukipata mota sahihi, magari mengi hudai kufundishwa upya: kioo kipandishwe hadi juu, swichi ishikiliwe sekunde chache, ndipo kijue mwisho wake uko wapi.