Ua la boga na ua la tarumbeta: historia tuliyoifundisha nusu

Leo tunaandika historia ya kitu kidogo: ua la boga, lile la njano linalofunguka asubuhi katikati ya bishusha. Tunaandika kwa sababu msimu wa mvua uliopita tulifanya kosa, na lile kosa karibu lituondolee mtoto.

Ilikuwa hivi. Kikundi chetu kilikuwa kinafundisha watoto kulima bustani ndogo nyuma ya nyumba. Siku moja tukachuma maua ya boga, tukayapika na kitunguu na mawese kidogo, tukawaambia, "Mnaona? Hata ua linaliwa." Walifurahi, walikula mpaka sufuria ikabaki tupu. Wiki haijaisha, mtoto mmoja wa miaka 7 akafuata mama yake kwenye kibarua cha kulima, upande wa Gashoho. Njiani kuna nyumba iliyozungushiwa miti yenye maua makubwa ya njano, yananing'inia kama tarumbeta. Mtoto akachuma, akala.

Jioni mwili ulikuwa moto, mdomo mkavu, mboni za macho zimepanuka, anaongea na watu ambao hawapo. Mama akadhani ni malaria ya kichwa. Koko mmoja wa jirani ndiye aliyemfungua kiganja akakuta kipande cha ua. Walikimbia kituo cha afya na lile ua mkononi. Alipona, tunamshukuru Mungu. Alipoulizwa kwa nini alikula, alijibu tu, "Si walisema ua linaliwa?"

Walisema. Hao walikuwa ni sisi.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza wazee na kusoma, na jambo la kwanza lililotushangaza ni hili: yale maua mawili yote ni wageni, na yote yametoka Amerika.

Boga ni la zamani sana. Huko Mexico, kwenye pango moja la Oaxaca, wachimbaji walikuta mbegu za boga lililolimwa na watu miaka kama 10,000 iliyopita. Mpaka leo wamama wa Mexico wanauza maua ya boga sokoni kwa mafungu, wanayatia kwenye supu na mikate ya mahindi. Baada ya 1492 merikebu za Wazungu zilianza kuvusha mimea ya Amerika: mahindi, maharage, muhogo, viazi vitamu, boga. Mimea ilitembea haraka kuliko Wazungu wenyewe. Wajerumani walipopanda milima ya Burundi mwishoni mwa karne ya 19, walikuta mahindi na maharage tayari yako shambani. Mkulima alimpa mkulima mwenzake, bibi harusi alienda na mbegu kwa bwana. Hakuna aliyeandika majina yao.

Na mbegu haikusafiri peke yake. Yule aliyekupa alikuonyesha jani lipi laini, ua lipi la kuchuma, lipi la kuacha. Hapa Warundi wanaita boga umwungu, sisi wa Kivu majani yake tunayaita bishusha. Kitu chenye jina nyumbani kina pia maelezo yake nyumbani.

Ule mti wa tarumbeta ulitoka milima ya Amerika ya Kusini, lakini ulienezwa duniani kama pambo. Watu waliupenda kwa uzuri na harufu yake ya jioni. Maelezo yake mengi yalibaki kwao. Ndiyo maana kwetu mtu anaupanda mlangoni na hajui kwamba jani, ua na mbegu, vyote ni sumu.

Sisi si wa kwanza kukosea. Mwaka 1676 askari wa Kiingereza walitumwa Jamestown, Virginia, kuzima uasi. Wakachuma majani machanga ya datura, mmea wa ukoo uleule wa tarumbeta, wakayachemsha kama mboga. Robert Beverley aliandika habari hiyo mwaka 1705: kwa siku 11 walikuwa kama wehu, mmoja anapuliza unyoya hewani, mwingine anakaa uchi pembeni anacheka. Akili ziliporudi hawakukumbuka kitu. Walikuwa wageni, mbele yao kuna majani mabichi, na hawakuwa na koko wa kuwauliza.

Na kwetu Kongo pia. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango unaopoozesha miguu ghafla. Wayaka wanauita konzo. Baadaye ilijulikana kwamba unahusiana na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, hasa wakati wa njaa, watu wanapofupisha siku za kuloweka. Watu walikuwa wanajua kazi yake. Njaa ndiyo iliwaharakisha. Hilo mtu wa kambi analielewa bila kufundishwa: mgao ukipungua, kila jani linaanza kuonekana kama mboga.

Sasa ile nusu ambayo hatukuifundisha.

Boga linatambaa chini. Shina lake lina vinywele vinavyokwaruza na vikamba vya kujishika. Ua linaangalia juu, linafunguka alfajiri na kufikia mchana limeshajifunga. Tarumbeta ni mti unaosimama, na ua lake linaangalia chini. Kwa hiyo usitambue chakula kwa rangi ya ua. Angalia mmea mzima.

Ua la boga liko la aina mbili. La kike lina kiboga kidogo chini yake: hilo uliache, ndilo chakula cha mwezi ujao. La kiume lina kijiti kirefu chembamba: hilo ndilo la kuchuma, baada ya nyuki kupita, na ubakize mengine kwa ajili ya nyuki. Fungua utoe wadudu na kile kijiti cha katikati, osha, pika. Likiwa chungu mdomoni, tema, usivumilie. Usichume kwenye shamba lililopuliziwa dawa. Na usiseme "ndege amekula, na mimi nitakula." Tumbo la ndege si lako.

Mtu akiwa tayari amekula asichokijua, usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa ukingoje uone. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na kipande cha mmea mkononi.

Yule mtoto sasa amerudi kwenye bustani yetu. Tulimwomba msamaha mbele ya wenzake, na koko aliyefungua kile kiganja anakuja kila Jumamosi, anakaa kwenye kigoda, sisi tunashika majani yeye anasema. Tunaandika kwenye daftari: jina kwa Kirundi, kwa Kifuliiru, kwa Kibembe, kwa Kinyamulenge, na namna ya kupika.

Wengi wetu tulitoka nyumbani wadogo, wengine walizaliwa hapahapa. Mbegu tunaweza kupewa na mtu yeyote. Maelezo yako kwa wazee, na wazee wanapungua. Wiki hii muulize koko wako mboga moja tu, na umwache amalize kusema.