Majina ya fishiye yanaharibika ndani ya zip: sababu yake na namna ya kuyaokoa

Tuseme sekretere wa masomo moja ya Ariwara anafunga fishiye makumi mbili ndani ya zip moja na kuituma Bunia. Moja inaitwa «LISTE DES ÉLÈVES». Kule Bunia, ordinateri inaonyesha «LISTE DES ÉL╘VES». Mupokeaji anawaza ni virusi, anafuta yote. Sekretere naye analipa tena megabaiti kwa kutuma mara ya pili, na jina linafika vilevile.

Hapo hakuna virusi, na yaliyo ndani ya fishiye ni mazima. Kilichoharibika ni namna ya kusoma jina tu.

Jina ni namba

Ordinateri haiweki herufi, inaweka namba. Ili kujua namba gani ni herufi gani, inaangalia orodha. Orodha ya ordinateri ya IBM ya mwaka 1981, inayoitwa 437, ilikuwa na nafasi 256 tu. Kifaransa hakikutosha humo: é, è na ç ndogo zimo, É kubwa imo, lakini È na À kubwa hazimo. Nyuma ikakuja orodha 850 kwa lugha za Ulaya magharibi, na È ikapata namba 212. Kwenye orodha 437, namba 212 ni kipande cha mustari wa kuchora meza: ╘. Ndiyo sababu É imefika salama na È imepotea.

Zip ilitoka mwaka 1989, kazi ya Mumarekani Phil Katz. Ilibeba namba za jina bila kusema zinatoka orodha gani. Windows ya zamani iliyowekwa kwa Kifaransa inatumia 850. Ile ya Kiingereza cha Marekani inatumia 437. Ariwara iko karibu na mupaka, bidhaa mingi inapitia Arua, upande wa Uganda. Basi ordinateri za Kifaransa na za Kiingereza zinakutana hapa kila siku, hata ndani ya biro moja.

Alama ya mwaka 2006

Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walitengeneza UTF-8, namna ya kuandika herufi za lugha zote kwa utaratibu mumoja. Mwaka 2006 kanuni za zip ziliongezewa alama ndogo yenye kusema: «jina hili ni UTF-8». Programu ikiweka alama hiyo, na ile ya kufungua ikiiheshimu, shida inaisha.

Lakini programu zingine zinaandika UTF-8 bila kuweka alama. UTF-8 inaandika é kwa namba mbili, 195 na 169. Ordinateri ya Kifaransa inasoma kila namba peke yake, na «Décès» inakuwa «D├®c├¿s». Kinyume chake pia kinatokea: simu inangojea UTF-8, inapokea zip ya zamani, inaweka � pahali pa herufi.

Ukipokea zip ya namna hii

Kwanza, chunga zip yenyewe. Usiifute hata kama umeshaifungua, juu namba za kweli za jina ziko humo.

Pili, usisahihishe majina kwa kukisia. Chukua mufano wa vyeti vya kuzaliwa: kijana Aimé na binti Aimée. Mutu akiondoa tu herufi za ajabu, jina la binti linabaki «Aime», na kila mutu atafikiri ni la kijana. Fungua fishiye, soma jina lililoandikwa ndani, ndipo ubadilishe. Mwenye amekwisha kutembea biro kwa biro juu ya herufi moja kwenye diplome anajua uzito wa kosa hili.

Tatu, fungua zip upya huku ukitaja orodha:

– Kwa WinRAR, fungua zip, tafuta pahali pa kuchagua orodha ya herufi za majina ndani ya menyu ya chaguo, ujaribu 850, kisha UTF-8.

– Kwa 7-Zip, andika amri: 7z x -mcp=850 jina.zip. Kama majina yana alama sawa vile ├®, weka 65001 pahali pa 850. Hiyo ni namba ya UTF-8.

– Kwa Ubuntu: unzip -O cp850 jina.zip.

Fungulia ndani ya dosiye mupya, ili majina mazuri yasichanganyike na mabaya.

Mbele ya kutuma

Dawa rahisi zaidi ni kuandika jina la fishiye bila aksan wala nafasi: LISTE_ELEVES_5A.pdf. Herufi A mpaka Z na tarakimu ziko na namba moja kwenye orodha hizi zote, kwa hiyo haziharibiki. Kwa majina ya watu, ongeza namba ya mwanafunzi au ya mugonjwa: 014_AIME, 015_AIMEE. Jina kamili, pamoja na aksan zake, libaki ndani ya fishiye.

Kama lazima aksan zibaki, tumia 7-Zip na uchague aina 7z, yenye kuweka majina kwa Unicode siku zote. Ukitaka zip, andika cu=on kwenye kisanduku cha paramétres za 7-Zip; itaandika UTF-8 pamoja na alama yake.

Mwisho, weka ndani ya zip karatasi moja yenye orodha ya fishiye zote na hesabu yake. Mupokeaji akihesabu makumi mbili, na kila moja ikifunguka, atajua hakuna iliyopotea njiani, hata kama majina yamefika vibaya.