Herufi Kubwa za Bibi

Bibi yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, hapa hapa Kakese, kwa mwanga wa koroboi. Mchana jembe kwenye majaruba, usiku daftari. Leo macho yamechoka. Gazeti analishika mbali, analisogeza karibu, mwisho ananirudishia: "Nisomee wewe, mjukuu wangu." Kusoma hajasahau. Herufi tu ndizo zimekuwa ndogo.

Tukumbuke alikotoka. Mwaka 1967, watu wazima kama 7 kati ya 10 nchini hawakujua kusoma. Mwaka 1968 ukaanza mradi wa serikali na UNESCO katika mikoa ya Ziwa, makao yake Mwanza. Badala ya kitabu kimoja kwa wote, mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, mvuvi za samaki, mwenye migomba za ndizi. Kitabu kilishonwa kwa kipimo cha msomaji, kama fundi cherehani anavyompima mteja. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu kama milioni 2 wakakaa vikundi vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi. Kufikia 1986, takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma ni chini ya mtu 1 kati ya 10.

Kazi kubwa hiyo! Ila fundi alipima kazi ya mtu, macho hakuyapima. Wala mteja hakuulizwa anataka nguo gani. Mvuvi aliyetamani hadithi ya mapenzi alipewa nyavu.

Miaka ikaenda. Mwaka 2007 Kindle ya kwanza ilitoka Marekani, na msomaji akaweza kuchagua ukubwa wa herufi mwenyewe. Kioo chake ni cha wino wa kielektroni: juani husomeka kama karatasi, na hula umeme kidogo sana, hasa ukurasa unapogeuzwa. Mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa wetu wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa, ikaja Kindle Paperwhite yenye taa yake ndani. Kwaheri koroboi!

Lakini jamani, tusidanganyane. Chukua neno "walivyotusomea". Kamusi inayotafuta neno kwa herufi yake ya kwanza itahangaika kwenye W mpaka kuche, wakati sisi tunajua mzizi ni "-som-", uko kwenye S. Kifaa cha Mswahili sharti kijue kumenya viambishi kwanza, kama mtu anavyomenya muhogo. Na taa, herufi na kamusi vyote vikiwepo, bado kuna swali: ndani tutaweka nini?

Juzi nilimpa bibi simu yangu. Nikaikuza hadithi moja fupi ya Kiswahili mpaka mstari ukabeba maneno matatu tu. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti, pole pole, mpaka mwisho. Hakuniita nimsaidie hata mara moja. Kisha akainua uso:

"Nyingine iko wapi?"

Nikapekua simu nzima. Haikuwepo.

Basi wenzangu mnaojiita waandishi, swali hilo bibi ameniuliza mimi, nami nawaletea ninyi.