Insha bila ubao: bazee ba Katanga balituachia somo gani?

Tuanze na swali. Nani alikufundisha kuandika insha? Bengi kati yetu tutajibu: mwalimu wa Kifaransa, mwaka wa tano ao wa sita, juu ya disertasio ya Exetat. Mwanzo, katikati, mwisho, basi. Lakini kwetu huku mu ukanda wa shaba kuko historia ingine ya kuandika, yenye haikupita ku ubao wa darasa. Na sisi benye diploma, benye tunaombwa kila siku kufundisha badogo betu ku nyumba, inafaa tuijue.

Turudi nyuma. Union Minière ilianzishwa 1906. Mwaka ule ule, Leopold II alipatana na Vatikani: misioni zipewe ardhi, nazo zifungue masomo. Kolwezi yenyewe ilizaliwa 1937, muji wa kampuni. Masomo ya wakati ule yalitafuta nini? Zaidi mukristu mwema na mufanyakazi mwenye kufuata amri. Kupanga mawazo yake mwenyewe ku karatasi haikuwa lengo. Matunda tunayajua: 30 Juni 1960, Bakongomani benye diploma ya universite habakufika 30 mu inchi muzima.

Je, bale bengine bote balikuwa mabubu? Hapana.

Mu 1965, Lubumbashi ingali inaitwa Élisabethville, chama cha baboyi ba zamani, bale balipikia bazungu na kufua nguo zabo, kilitoa kitabu kidogo. Kiliitwa Vocabulaire, lakini si kamusi: ni historia ya muji, kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Mwandishi ni André Yav. Ndani yake kuko kazi, mishahara, chakula, vita, na namna bakubwa ba zamani balivyoishi. Hakuna mwalimu mwenye alisahihisha. Maneno mara yameshikana, mara yamekatwa katikati, na nukta ni chache. Ni sawa vile mutoto wako anaandika «tulikuwatunafanyakazi» juu njo vile sikio lake linasikia.

Johannes Fabian, mwenye alifundisha ku universite ya Lubumbashi miaka ya 1970, alipotaka kukielewa, macho peke yake hayakutosha. Ilibidi Kalundi Mango akisome kwa sauti. Maneno yaliposikika, maana ikafunguka. Kitabu kilitolewa tena 1990, na leo banafunzi ba ng'ambo banakisoma ku universite. Sisi je, bangapi tumekishika mu mikono?

Wa pili ni Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji, alizaliwa Élisabethville 1947. Mu 1973 na 1974 alimuchorea Fabian historia ya inchi muzima, michoro 101, akieleza kila moja kwa Kiswahili. Kisha, karibu 1980, akachukua kaye na kuandika historia ile kwa Kifaransa, kwa mukono wake. Jina lake alisema ni mwanahistoria, si muchoraji tu. Kaye ile nayo ilisafiri ng'ambo. Mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Somo ni gani kwa sisi benye tunakaa ku meza ya nyumba na mutoto wa miaka 13?

Kwanza, bazee hawa balianza na kitu balikijua kuliko mutu yeyote. Yav hakuandika juu ya theluji ya Ulaya. Aliandika juu ya jikoni. Usimupe mutoto kichwa cha insha chenye hajawahi kuishi. Mwambie: eleza namna mama anauza makala, kuanzia asubuhi mpaka hesabu ya mangaribi.

Pili, waliandika juu ya mutu wa kusoma. Chama kilikuwa nyuma ya Yav, na Tshibumba alijua nani atafungua kaye yake. Mutoto mwenye anaandikia noti tu anachoka haraka. Aandikie tate yake, ao mukubwa wake mwenye yuko mu Likasi.

Tatu, soma kwa sauti. Pale pumzi inakatika, njo pale nukta inaomba kukaa. Mutoto atasahihisha mwenyewe mbele haujagusa bic nyekundu.

Mutu ataniuliza: na Exetat? Disertasio ni kwa Kifaransa, na Kiswahili cha nyumba hakitapata hata nukta moja. Ni kweli, na sitaki kumudanganya mutu. Tahajia na kanuni za Kifaransa lazima zifundishwe, tena kwa nguvu. Lakini zije juu ya mawazo yenye yamekwisha kupangwa. Kama mutoto hajui anataka kusema nini kwa luga yake, Kifaransa kitamupa paka maneno ya kukariri.

Kuko sababu ingine, nayo ni kubwa kuliko noti. Mu Kasulo, hapa kwetu, tangu 2014 watu balichimba kobalti chini ya nyumba zabo. Habari hiyo iliandikwa sana kwa Kingereza, na bageni. Mutoto mwenye alilala juu ya shimo lile ana miaka ya kutosha leo kushika kaye. Kama sisi hatumufundishi kuandika, historia yake itasafiri sawa ile ya Yav: itasomwa mbali, na huku kwetu itauliziwa bageni.

Bic moja, kaye moja, saa moja ya Jumamosi. Nani anaanza?