Nani anaweza kumwondoa mjumbe wa komite ya shule? Historia fupi, toka wakati wa misheni hadi utawala wa kijeshi Ituri

BUNIA – Shule ya kijiji ikikimbia vita, vitu vingi vinabaki nyuma: madawati, ubao, orodha ya wanafunzi. Pia komite ya wazazi inasambaratika. Mjumbe mmoja yuko kambini Kigonze, mwingine amevuka ziwa kwenda Uganda, mwingine amebaki Djugu. Halafu siku moja jina la mwenyekiti linabadilishwa kwenye karatasi, na familia zilizokimbia zinauliza: nani alimwondoa, na kwa haki gani?

Swali hilo ni la zamani katika nchi hii. Wakati wa Wabelgiji halikuwa na nafasi hata ya kuulizwa. Mwaka 1906 Leopold II alipatana na Vatikano kwamba misheni za Kikatoliki zipewe ardhi nazo zifungue shule. Toka miaka ya 1920 serikali ya koloni ilizisaidia kwa pesa. Waprotestanti, ambao Ituri waliingia kupitia misheni ya AIM, walisubiri msaada huo hadi baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Mzazi alileta mtoto, pengine alileta pia mikono yake kujenga darasa. Lakini aliyeweka mwalimu na kumwondoa alikuwa mmisionari. Mzazi hakuwa na kiti mezani.

Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alizichukua shule zote ziwe za serikali. Mamlaka yalitoka misheni yakaenda Kinshasa, lakini hayakufika kwa mzazi. Jambo hilo halikudumu, kwa kuwa serikali ilishindwa kuzibeba. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi makubaliano na makanisa. Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu walirudishiwa shule zao, na jumuiya ya Waislamu nayo ikaingia katika mpango huo. Ndizo shule ambazo watu wa Bunia wanaziita konvansione.

Makubaliano hayo ndiyo mpaka wa kwanza wa kweli. Serikali ilibaki na programu ya masomo, mitihani, ukaguzi na mishahara. Makanisa yalipewa usimamizi wa kila siku. Toka hapo hakuna upande wenye neno lote peke yake. Askofu au mchungaji hawezi kumfuta mwalimu kwenye orodha ya mishahara ya serikali kwa hasira ya asubuhi moja. Wala ofisi ya serikali haiwezi kuendesha shule ya kanisa kana kwamba kanisa halipo.

Mpaka wa pili uliwekwa na sheria ya wafanyakazi wa serikali ya tarehe 17 Julai 1981, iliyotumika hadi sheria mpya ya mwaka 2016. Sheria hiyo iliweka adhabu kwa ngazi, kuanzia karipio, kupitia kukatwa mshahara na kusimamishwa kwa muda, hadi kufukuzwa kabisa. Kufukuzwa kulikuwa ngazi ya mwisho, na mtu alipaswa kwanza kuambiwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujieleza.

Wazazi walipata nguvu kwa njia ya uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya walimu iliporomoka, migomo ikafunga shule, na wazazi wakakubali kuchanga ili walimu warudi darasani. Mchango uliosemwa ni wa muda ukakaa karibu miaka 30. Anayelipa anataka kujua pesa inakwenda wapi, na hapo komite ya wazazi, COPA, ikawa na uzito. Kando yake kuna baraza la usimamizi, COGES, ambamo mkuu wa shule anakaa na wawakilishi wa walimu na wa wazazi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imewathibitisha wazazi kuwa washiriki wa shule. Si wageni wa kuitwa siku ya kutoa matokeo tu.

Mjumbe wa COPA hakuteuliwa na direkta, wala na prefe, wala na kiongozi wa kambi. Anatoka katika mkutano mkuu wa wazazi. Kanuni ya kale ya sheria inasema kwamba njia iliyomweka mtu ndiyo njia ya kumwondoa. Waliomchagua wanaweza kumwondoa, wakiitwa na kukutana. Jina likifutwa ofisini usiku, hiyo si njia ya kumwondoa mjumbe.

Nchi nyingine zinafuata wazo hilohilo. San Francisco, Marekani, wajumbe 3 wa bodi ya shule waliondolewa tarehe 15 Februari 2022. Wananchi walikusanya kwanza sahihi, kisha wakapiga kura. Hata pale ambapo watu walikuwa na hasira kubwa, ilibidi mlango wa kura upitiwe.

Je, utawala wa kijeshi umebadilisha hayo? Toka tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya état de siège. Gavana wa kiraia Jean Bamanisa alimwachia nafasi Jenerali Johnny Luboya N'Kashama, na bunge la jimbo likasimamishwa. Wengi wakadhani kwamba tangu siku hiyo kila kiti kinaweza kuondolewa kwa amri. Lakini amri ile iligusa utawala wa jimbo, miji na maeneo. Haikufuta komite za wazazi.

Zaidi ya hayo, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 61, inataja haki ambazo hazivunjwi hata wakati wa état de siège. Kati yake kuna haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa. Anayeshitakiwa kula pesa ya shule anaweza kuwa na hatia kweli. Hata hivyo ana haki ya kujua anashitakiwa nini, kusikilizwa, na kupeleka neno lake juu zaidi.

Kwa wazazi wa kambini maana yake ni hii. Mkutano unaweza kufanyika chini ya turubai kama ulivyofanyika kijijini chini ya mwembe. Kinachotakiwa ni wazazi waitwe wote, pamoja na wale waliokimbilia mtaa mwingine, sababu isemwe waziwazi, mjumbe ajibu, na matokeo yaandikwe na kutiwa sahihi. Karatasi hiyo ndiyo watakayoionyesha siku shule itakaporudi nyumbani, pindi mtu atakapodai kuwa komite ni yake.